Nyumba Yangu, Mwenye Alamu Yuko Dadaab

Serikali inajua kwamba nyumba hii ni yangu. Inajua vizuri sana, maana tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi na baadaye 1,500, na sijasikia hata mwezi mmoja ambao mita imejichanganya ikamkata jirani. Mwenyekiti wa mtaa anajua, ndiyo maana michango ya ulinzi shirikishi anaifuata kwangu. Wanaoomba ndoo ya maji wanajua, wanaodai wanajua. Kitu kimoja tu katika Murubona nzima, hapa Kasulu, hakijanitambua, na kitu chenyewe kimepigiliwa kwenye ukuta wangu, kinakula umeme wangu, na kila nikiingia jioni kinaniuliza mimi ni nani.

Ni alamu ya wezi. Sikuinunua, nimeachiwa. Asiyeijua Kasulu ya miaka ile nimweleze kwa kifupi. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa maelfu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilijaa hadi pomoni. Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya mwaka huohuo, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata 2016. Mashirika yakaja na magari meupe, na magari meupe yakashusha watu wanaotaka nyumba yenye geti, choo cha ndani na tangi la maji. Sisi wenye nyumba tulipandisha kodi bila haya. Mimi nikampata Mkenya mmoja mpole, mtu wa mahesabu, aliyekuja na karatasi ya masharti ya usalama kutoka ofisini kwake: nondo madirishani, taa za nje, kufuli mbili kila mlango, alamu. Nondo na kufuli niliweka mimi. Alamu wakaileta wenyewe.

Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021, bajeti zilikuwa zimeshakauka, magari meupe yakapungua barabarani, na Mkenya wangu akahamia kambi ya Dadaab, kule Garissa kwao Kenya. Siku ya kukabidhi nyumba alinipa kitita cha funguo, ndoo mbili na mche wa parachichi alioupanda kwenye kopo la rangi. Halafu akanyoosha kidole kwenye boksi jeupe la ukutani. "Hii nakuachia, mzee. Ni zawadi."

Wapangaji wa namna yake hawakupatikana tena, kwa hiyo tukahamia sisi: mimi, mke wangu, watoto, mama mkwe, na mpwa wangu wa Kibondo aliyekuja kusalimia akasahau kurudi.

Balaa la zawadi hii ni kwamba ina njia nyingi mno za kuiendesha. Kitasa kina njia moja: ufunguo unaingia, unazunguka, basi. Alamu unaweza kuiwasha na kuizima kwa kibao cha namba kilicho karibu na mlango, kwa rimoti, kwa meseji, kwa kuipigia simu, na kwa programu ya kwenye simu. Kila njia ina mwenyewe. Hakuna iliyo yangu.

Chukua kibao. Namba yake ya siri ni 1996. Naiandika hapa bila wasiwasi kwa sababu hakuna mtoto mtaani kwetu asiyeijua. Mkenya aliichagua kwa heshima ya Nyarugusu, nami siwezi kuibadilisha, kwani kubadilisha kunadai namba nyingine, kubwa kuliko hiyo, ambayo aliondoka nayo fundi wa shirika. Sasa waliotengeneza mashine hii waliwaza mbali. Walijiuliza: je, mwizi akikukaba shingo na panga mkononi, akakuamuru uizime? Wakaweka namba ya kutishwa. Unaongeza moja kwenye tarakimu ya mwisho, unabonyeza 1997 badala ya 1996. Taa inageuka kijani, mwizi anaridhika, kumbe chini kwa chini mashine imeshatuma meseji kwamba mwenye nyumba yuko hatarini. Akili kubwa sana. Ila hawakuwahi kukutana na mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mtu wa Heru Juu, na hesabu zake za miaka anazifanya kwa matukio. Mwaka 1996, anasema, hakuna kitu cha maana kilichotokea. Mwaka 1997 ndio uliokuwa wa mvua za El Niño, ukuta wa jiko lake ukalala chini na vyungu vyote. Huo hawezi kuusahau. Kwa hiyo anabonyeza 1997. Inazima? Inazima. Sasa tatizo liko wapi? Nilijaribu kumweleza kwa adabu zote anazostahili mkwe, nimekaa chini, macho nimeyaelekeza kwenye mkeka. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Baba, mimi tangu nizaliwe sijatishwa na mtu." Mkwe hagombwi. Matokeo yake ni kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za mashine, bibi huyu anavamiwa na watu wenye mapanga kila alfajiri anapoenda kufungulia kuku, na akitoka kanisani wanamvamia tena.

Ukiwasha kwa kibao, mashine inakupa sekunde 30 uwe umetoka. Sekunde 30! Aliyezipanga hajawahi kutoka kwenye nyumba yenye watu. Njoo uone tunavyotoka sisi kwenda kwenye msiba Msambara. Mke wangu yuko mlangoni, kidole kwenye kibao, anauliza wote tumetoka? Wote tumetoka. Anabonyeza. Tii, tii, tii. Mtoto wa pili anakumbuka kiatu. Mama mkwe anakumbuka kanga ya kujifunika, maana ile aliyovaa ina maneno ya utani na msibani haifai. Mpwa anarudi kutafuta chaja. Mimi nawapigia kelele, na hapohapo jirani anachungulia getini kutoa pole. Utamjibu mtu "asante" ukapita? Kuna za nyumbani, za watoto, mgonjwa wenu vipi, marehemu alikuwa nani yenu hasa. Mara tii tii tii inakuwa tititititi, mama mkwe akiwa katikati ya sebule na kanga mkononi, na king'ora kinafyatuka.

King'ora chenyewe kimeandikwa ubavuni desibeli 110. Mimi sijui desibeli, lakini najua kwamba mbuzi wa jirani alikata kamba.

Kuna mashine za namna hii zinazofanya kazi yake kwa heshima, sikatai. Mwaka 1853 Mmarekani mmoja, Augustus Pope, alipata hataza ya kengele ya umeme inayolia mlango au dirisha likifunguliwa, na ujanja wake ulikuwa kwamba mwizi hata akifunga dirisha tena, kengele haimsamehe, inaendelea. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika mtaa wa Queens, New York, nesi mmoja mweusi, Marie Van Brittan Brown, alichoka kukaa peke yake usiku, maana yeye na mumewe Albert walikuwa na zamu zisizoeleweka na polisi wa mtaa wao walichukua muda kufika. Wakabuni matundu manne mlangoni, kamera ya kupanda na kushuka kwenye matundu hayo, na televisheni ya kumwonyesha aliyesimama nje. Angeweza kuongea naye bila kufungua, kumfungulia kwa kitufe akiwa kitandani, au kubonyeza kingine kuita msaada. Waliomba hataza 1966, wakaipata Desemba 1969. Namheshimu sana mama huyu. Lakini angalia jambo moja: nyumba yake ilikuwa na mtu mmoja ndani, na aliyekuwa nje alisimama nje akasubiri.

Kwetu nani anasubiri nje? Kasulu mtu anapiga hodi akiwa ameshafika mezani. Hodi ya pili anaipiga akiwa ameketi. Jicho la alamu lililo pembeni ya dari halina masikio ya kusikia hodi. Halioni sura wala halijui undugu, linachotambua ni joto linalotembea. Joto la mwizi na joto la shangazi aliyeteremka kwenye basi la Kibondo na kuku wawili kwenye kikapu, kwake ni joto. Nilimwita fundi kutoka Kigoma mjini, kijana anayeongea haraka, akanihakikishia kwamba jicho lile lina akili: mnyama aliye chini ya kilo 25 linampuuza. Mama mkwe akauliza kutoka jikoni, "Na mwizi akituma mtoto?" Fundi akanywa maji.

Huyohuyo fundi nilimwambia basi ifute mashine yote, tuanze upya, namba ziwe zangu. Akasema inawezekana, kuna kitufe ndani ya boksi. Ila ikifutwa inasahau kila kitu: macho yote, sumaku zote za milangoni, rimoti, king'ora. Kimojakimoja itabidi kutambulishwa upya, na sumaku mbili za madirisha ziko nyuma ya nondo ambazo mimi mwenyewe nilizichomelea. Bei aliyotaja ingeninunulia mbuzi wawili. Nikamsindikiza stendi.

Rimoti iko kwa mke wangu. Ni kidude cheusi chenye vitufe vinne: kufuli iliyofungwa, kufuli iliyofunguka, mchoro wa radi, na kengele. Michoro mitatu imefutika, imebaki kengele peke yake, ambayo ndiyo ya kuita watu kwa hatari. Mke wangu ameifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela ya mboga. Genge la nyanya liko hatua chache kutoka getini, na rimoti ina nguvu ya kufika kote huko. Anachagua mafungu yake ya nyanya, anaongeza vitunguu, anashusha bei, wanakubaliana, anaanza kufungua fundo la kanga kwa meno na vidole. Mtaa mzima unajua kwamba sisi tumenunua nyanya. Muuza genge ameshazoea, king'ora kikilia anaanza kutafuta chenji.

Usiku kuna mpango mwingine, wa kulinda milango huku macho ya ndani yamelala ili watu watembee. Mzuri kwa nyumba ya choo cha ndani, na sisi tunacho. Ila maji ya bomba yana siku zake, na yasipokuwepo wote tunahamia choo cha nje. Hebu simama saa tisa za usiku mbele ya kibao, tumbo limekukamata, tochi ya simu mdomoni, unatafuta tarakimu. Ukikosea mara ya kwanza inakupa nafasi. Tumbo halikupi.

Ukiniuliza kwa nini situmii meseji, nitakujibu kuhusu laini. Ndani ya boksi kuna laini ya simu, ndiyo inayopokea amri na kutuma taarifa. Mnakumbuka ule usajili wa alama za vidole, tarehe ya mwisho 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, foleni hadi nje? Shirika lilikuwa na haraka, laini ya alamu ikasajiliwa kwa kitambulisho na kidole cha dereva wao. Dereva sasa yuko Kahama, anaendesha lori. Kisheria anayelinda nyumba yangu ni yeye. Nikiweka vocha, kwanza inalipa deni la salio alilokopa enzi hizo. Nilikwenda kuomba laini ihamishiwe kwangu, dada wa dirishani akanitazama kwa huruma: "Mwenye laini aje mwenyewe, baba." Aje na kidole chake kutoka Kahama.

Sasa tufike Dadaab.

Programu ya kwenye simu ndiyo mkubwa wa njia zote. Ina orodha ya watu wa kupigiwa, ina historia ya nani amefungua nini saa ngapi, inawasha na kuzima nyumba kutoka pembe yoyote ya dunia yenye bando. Mwenye akaunti ni Mkenya. Nilimwandikia anikabidhi. Akajibu siku hiyohiyo, kwa upole wake: amejaribu, lakini programu inataka kwanza kutuma namba ya uthibitisho kwenye barua pepe ya ofisi ya zamani, na barua pepe ile ilifungwa mkataba ulipoisha. Ndani ya simu yake programu iko wazi, anaitumia vizuri tu. Kumpa mtu mwingine haikubali. "Lakini usijali mzee," akaandika, "nitakuwa nakuangalilia."

Na kweli ananiangalilia. Mtu yuko Garissa, jua linawaka, ana kazi yake ya kuhudumia watu wengi kuliko Kasulu mjini, lakini ananiandikia: "Mzee, mlango wa nyuma uko wazi tangu saa nne, ama mnaanika kitu?" Tulikuwa tunaanika maharage. Alijua siku mpwa alipochelewa kurudi, kwa dakika zake, kabla mimi sijajua. Mara ya kwanza mama mkwe alipobonyeza 1997, Mkenya alinipigia mfululizo huku anahema, akataka nimpitishie simu bibi asikie sauti yake. Bibi akamweleza kuhusu ukuta wa jiko na El Niño. Wakaongea sana. Siku hizi meseji ya kutishwa ikifika alfajiri, yeye anajua kuku wameshafunguliwa.

Kwenye orodha ya kupigiwa yeye ni wa kwanza, bosi wake wa zamani wa pili, mimi wa nne. Mashine ikipiga inatoa ujumbe uliorekodiwa, sekunde kumi. Hilo fundi alituonyesha, halitaki namba ya siri, na mke wangu akajitolea kurekodi. Akasogea karibu na boksi, akasafisha koo. "Haloo, habari za saa hizi? Poleni na majukumu. Samahani kwa usumbufu, hapa ni nyumbani kwa..." Kwisha, sekunde kumi zimeisha. Nilimwambia arekodi upya, aseme "wezi" mwanzoni. Akakataa katakata: utamwanzaje mtu usiku na neno wezi bila salamu? Kwa hiyo king'ora kikilia Murubona, simu inalia Dadaab, mke wangu anasalimia, na yule Mkenya, ambaye ana adabu zake, anajibu: "Njema mama, na huko?" Simu inakatika.

Usiku pekee tuliolala bila bugudha ulikuwa wa kuamkia 1 Aprili 2024, ile Jumatatu ya Pasaka gridi ya taifa ilipozimika. Sisi gridi ilianza kutufikia mwaka 2022, kabla ya hapo tulikuwa watu wa jenereta za dizeli, na alamu ilizoea kukatika umeme, kwani ina betri yake ya volti 12 ndani ya boksi. Nililala nikijua betri inalinda. Asubuhi nafungua boksi, nakuta nafasi ya mstatili, safi, haina hata vumbi. Betri iko chumbani kwa mpwa, inapiga muziki. Mama mkwe alitoka kwenda kwa kuku bila kubonyeza chochote, na huko Dadaab, nilivyokuja kuambiwa, mtu alishinda roho juu kwa kuwa alfajiri hiyo bibi hakutishwa.

Jambo lililonifanya niandike leo ni meseji ya juzi. Mkenya anasema simu yake imeanguka, kioo kimepasuka, sehemu ya chini haiguswi. Anafikiria kununua nyingine. Mimi nilikuwa nakula, nikaacha. Akibadilisha simu itabidi aingie upya kwenye programu, programu itaomba uthibitisho, uthibitisho utaenda kwenye barua pepe iliyokufa, na kuanzia hapo nyumba yangu haitakuwa na msimamizi popote duniani isipokuwa mama mkwe na 1997 yake.

Nilimpigia kabla sijanawa. Nikamwomba asinunue, atengeneze. Mke wangu akadaka simu, akasalimia kwa kirefu, akamwahidi galoni ya mawese na maharage ya soya ya njano aliyokuwa akiyapenda, yatapanda basi la Mwanza na kuunganisha hadi Nairobi akienda likizo. Akakubali. Leo asubuhi amenitumia picha akiwa kwa fundi simu Garissa. Fundi anasema kuna vioo vya aina mbili, cha kawaida na orijino, na bei zimepishana karibu mara mbili, mzee anasemaje?

Nimemwambia orijino. Hela natuma jioni, mpwa akirudi na simu yangu.